Pancha za majira ya baridi: soma tundu kabla hujaliziba

Tyubu ikitoboka mara tatu ndani ya wiki mbili, hilo si suala la bahati tena. Ama kuna kitu kimebaki ndani ya tairi, ama unaendesha na upepo mdogo, ama tairi lenyewe limekwisha na wewe unaendelea kununua tyubu. Hapa Uingereza wapo wanaoiweka baiskeli stoo mwezi wa kumi na moja kwa sababu hii moja tu, kisha wanahangaika na basi la alfajiri ili waiwahi zamu ya saa kumi na mbili. Hakuna haja. Pancha za baridi zina sababu chache zinazojulikana, na tundu lenyewe hukuonyesha ni ipi.

Baridi inafanya nini

Tuanze na maji. Raba kavu hukigomea kigae cha chupa, lakini raba iliyolowa hukatika kirahisi, kwa kuwa maji hulainisha njia ya makali. Mtu anayekata raba kwa kisu hukilowesha kisu kwanza kwa sababu hiyohiyo. Mvua nayo husomba vigae, changarawe na vipande vya waya kutoka katikati ya barabara na kuvilundika pembeni, palepale mwendesha baiskeli anapojibanza kuyakwepa magari. Zaidi ya hapo, tairi lenye maji hubeba uchafu. Kigae kikinata juu yake kinazunguka nalo, na kila kikifika chini uzito wako wote unakikandamiza. Gurudumu la kawaida lina mzingo wa mita 2 na kidogo, kwa hiyo katika kilomita moja kigae hicho kimegongelewa ndani zaidi ya mara 450. Ndiyo maana upepo huisha mbali kabisa na mahali ulipokiokota.

Kisha miiba. Katika England, nyua za miti zinazopakana na mashamba kwa kawaida haziruhusiwi kukatwa kati ya tarehe 1 Machi na 31 Agosti, ndege wanapozaa. Kazi yote ya kuzipunguza inaangukia vuli na baridi, tena kwa mashine ya trekta inayoponda matawi na kuyatawanya barabarani. Nyua hizo nyingi ni za hawthorn na blackthorn, miti yenye miiba migumu. Aliyekulia karibu na michongoma hahitaji kuelezwa: mwiba uliokauka hupenya kama sindano. Ukiona barabara imejaa vijiti vilivyopondwa, shuka utembee hizo mita 50, au pitia njia nyingine kwa wiki moja.

Kusini-mashariki, yaani Kent, Sussex, Surrey hadi Hertfordshire, kuna balaa la tatu. Ardhi yake ina chokaa nyeupe iliyochanganyika na mawe ya gumegume, na gumegume likipasuka hutoa vipande vyenye makali ya wembe. Watu wa kale walichonga visu kutokana na jiwe hilo. Mvua kubwa ikinyesha, vipande hivyo huteremka kutoka mashambani hadi kwenye lami. Walio Helsinki wana shida inayofanana na hiyo, ila yao imeletwa na manispaa: mawe ya kupondwa humwagwa njiani ili watu wasiteleze kwenye barafu, na hubaki hapo hadi yafagiliwe majira ya kuchipua.

Sababu ya mwisho haionekani kwa macho, nayo ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Hewa ikipoa, msukumo wake hupungua. Ukijaza tairi hadi psi 60 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) sebuleni penye nyuzi 20, ukitoka nje kwenye nyuzi 0 utakuwa na kama psi 55, na kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri kama 52. Hakuna kilichovuja. Ongeza na upepo unaopenya polepole kwenye raba ya tyubu kila wiki, halafu kumbuka kwamba huu ndio msimu wa mashimo: maji huingia kwenye nyufa za lami, yanaganda, yanatanuka kwa kama asilimia 9, na lami inafumuka. Tairi legevu likigonga ukingo wa shimo, tyubu inabanwa kati ya tairi na rimu.

Tundu linasema nini

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanapokimbilia kiraka kabla ya wakati.

Kabla ya kuvua tairi, weka alama. Ukifunga tairi vizuri tangu mwanzo, maandishi yaliyo ubavuni mwake yanakaa sawasawa na valvu. Mafundi wanaofanya hivyo hawatafuti urembo. Tyubu ikitoka na tundu likionekana sentimita 30 kulia kwa valvu, unapima sentimita 30 kulia kwa maandishi na unajua ni wapi pa kutazama kwenye tairi. Bila alama unakagua mita 2 za raba nyeusi, gizani, na vidole vimekufa ganzi. Kumbuka tu kutogeuza tyubu ikishatoka; iweke chini upande uleule ilivyokuwa.

Tundu moja dogo upande wa nje, ule unaoelekea barabarani, maana yake kuna kitu kimetoboa tairi. Kitafute hadi ukipate. Usiseme kimeshadondoka. Ncha ya mwiba huvunjika ikabaki ndani ya raba, urefu wa milimita 2 hivi, haionekani kwa nje kabisa, na itaitoboa tyubu mpya kabla hujafika kazini. Hii ndiyo hadithi ya karibu kila pancha inayojirudia mahali palepale. Usipapase kwa kidole kitupu, kwa sababu kidole chenye baridi hakihisi, na kikihisi kinachanika. Pitisha kitambaa cha pamba au soksi kuukuu ndani ya tairi, polepole, kuelekea upande mmoja kisha mwingine. Nyuzi zitanasa pale penye ncha. Ikandamize kutoka nje, kisha ivute kwa ndani kwa kibano cha nyusi.

Matundu mawili yaliyokaa sambamba, mithili ya alama ya meno ya nyoka, hayana mwiba wala kigae. Huko ni kubanwa. Ukitafuta kitu kwenye tairi utapoteza dakika kumi bure. Dawa yake ni pampu: ongeza upepo, na jifunze kuinuka kidogo kwenye tandiko unapovuka shimo.

Tundu likiwa upande wa ndani, ule unaolalia rimu, tatizo ni utepe unaofunika vichwa vya spoku. Utepe ukisogea hata milimita 3, tyubu inaingia kwenye shimo la spoku na kukatika taratibu. Kwenye baridi hali huwa mbaya zaidi, maana maji yenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huingia ndani ya rimu na kukwaruza kila kitu kwa kutu. Ukiukuta utepe mwembamba wa raba umelegea au umejikunja, utupe. Nunua wa kitambaa chenye gundi, upana utoshee sakafu ya rimu yote. Mara nyingi ni milimita 16 hadi 22. Futa rimu ikauke, anza kubandika upande ulio mkabala na valvu, na ukimaliza toboa tundu la valvu kwa uangalifu lisichanike.

Tyubu ikichanika kwenye shina la valvu haizibiki. Chanzo kikubwa ni upepo mdogo: tairi linateleza juu ya rimu kila ukifunga breki au kukanyaga kwa nguvu, linaikokota tyubu, na valvu iliyoshikwa na tundu la rimu inavutwa. Ukiona valvu imeinama badala ya kusimama wima, hiyo ni taarifa ya mapema. Toa upepo, isogeze tyubu hadi valvu isimame, kisha ujaze. Ile nati ndogo inayokaza valvu kwenye rimu ikazwe kwa vidole tu, isiguswe na koleo.

Kuna pancha nyingine ambayo si pancha. Baiskeli nyingi za Kiholanzi zina valvu ya aina ile inayojulikana kwa wote waliozoea Phoenix na Hero za nyumbani, yenye kijimpira kinachovishwa kwenye kijiti chake. Kijimpira kikikakamaa au kupasuka, upepo unaisha usiku kucha na tyubu haina kosa lolote. Tia mate kwenye mdomo wa valvu. Mapovu yakitoka, badilisha kijimpira kabla hujavua chochote. Jaribio hilohilo la mate linafaa pia kwa valvu ya aina ya gari na ile nyembamba yenye kiskrubu kichwani.

Barabarani usizibe, badilisha

Solusheni, yaani gundi ya viraka, hutegemea kukauka, na kwenye nyuzi 3 na manyunyu haikauki. Viraka vya kubandika bila gundi navyo havishiki raba baridi yenye unyevu. Kwa hiyo njiani beba tyubu nzima, mbili kama safari inazidi kilomita 10, na kazi ya kuziba iache kwa ajili ya nyumbani. Tyubu hiyo ya akiba itie poda ya mtoto, ivishe soksi, kisha ndiyo uiweke kwenye mfuko. Ikikaa uchi pamoja na spana itatoboka humohumo, nawe utagundua siku unayoihitaji. Hakikisha namba yake inalingana na ya tairi: 622 ni gurudumu la 700C, 559 ni la inchi 26 la mlimani, na Brompton, ile baiskeli ndogo ya kukunjwa, ni 349. Zimeandikwa ubavuni mwa tairi.

Vingine vya kubeba ni liva 3 za plastiki za kuvulia tairi, pampu, tochi ya kichwani, glavu nyembamba za mpira kama za zahanati, ile soksi ya kukagulia, na kibano. Kama gurudumu lako linashikwa na nati, spana ya 15 ni lazima, na nati hizo zipakwe grisi mwanzoni mwa msimu. Chumvi ya barabarani hugandisha nati hadi spana fupi ishindwe. Tochi nayo si anasa. London mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo pancha nyingi za safari ya kazini utazitengeneza gizani.

Sogea kwanza mahali penye mwanga, mbali na magari. Gurudumu la nyuma likiwa ndilo lililopata pancha, weka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma kabla hujalitoa. Toa upepo wote uliobaki. Halafu zunguka tairi lote, pande zote mbili, ukikandamiza kingo zake ziingie kwenye mfereji ulio katikati ya rimu. Hatua hii ndiyo inayotofautisha anayemaliza kwa dakika nane na anayevunja liva. Mfereji huo una mzingo mdogo kuliko kingo za rimu, kwa hiyo ukingo wa tairi ukikaa humo unapata ulegevu wa kutosha. Raba yenye baridi ni ngumu na haikusamehei ukiiruka hatua hii. Vua upande mmoja tu wa tairi, anzia mbali na valvu, uitoe tyubu.

Kagua tairi kama ilivyoelezwa juu. Ukikuta mpasuko unaopitisha mwanga, weka ndani yake kipande cha tairi kuukuu au hata noti iliyokunjwa mara mbili ili tyubu isichomoze, itakufikisha.

Tyubu mpya itie upepo kidogo sana, ipate umbo tu, ndipo uiingize. Hapo haitajikunja wala kubanwa. Rudisha ukingo wa tairi kuanzia upande ulio mkabala na valvu, malizia kwenye valvu kwa viganja. Ikikaza sentimita 15 za mwisho, usichukue liva. Rudi nyuma, kandamiza tena kingo ziingie kwenye mfereji, kisha jaribu. Liva inayotumiwa kurudishia ndiyo inayotoboa tyubu mpya. Tairi likiingia, isukume valvu ndani kidogo kisha ivute, uikomboe tyubu kama imebanwa chini ya ukingo. Zungusha gurudumu ukitazama pande zote mbili. Popote unapoona tyubu inachungulia, irudishe. Ndipo ujaze.

Vichupa vya gesi ya kaboni dioksidi vya kujazia tairi ni vya haraka, lakini hupoa ghafla kiasi cha kunata kwenye ngozi yenye unyevu, na gesi hiyo hupenya raba haraka kuliko hewa. Ukiitumia asubuhi, usiku jaza upya kwa pampu. Binafsi naona pampu ndogo yenye mpira mrefu ni bora: haikwishi katikati ya kazi, na haing'oi valvu kwa kuitikisatikisa.

Jioni, mezani

Tyubu iliyotoboka iache chumbani saa nzima ipate joto. Itie upepo hadi inenepe mara mbili ya kawaida, ipitishe karibu na mdomo wa juu uliolowa; ngozi hiyo huhisi upepo mdogo ambao sikio halisikii. Ukikosa, beseni la maji litakuonyesha mapovu. Zungushia tundu duara kubwa kwa kalamu, kubwa kuliko kiraka, kwa sababu msasa utafuta alama za karibu.

Toa upepo, kausha, sugua kwa msasa eneo linalozidi kiraka kwa nusu sentimita kila upande, hadi mng'aro uishe na raba iwe ya kijivu. Kama mstari ule ulioinuka wa kiwandani unapita hapo, usugue hadi usawazike. Usipofanya hivyo upepo utatambaa chini ya kiraka kufuata mstari huo. Futa vumbi. Paka solusheni tabaka jembamba, si kitone kinene, kisha uache. Dakika tano kwenye chumba cha joto, zaidi kama jiko limezimwa. Kosa la kila siku ni kubandika kiraka ikiwa bado mbichi. Kiraka hakishiki kama gundi ya karatasi. Kinaungana na raba, na muungano huo huanza pale kimiminika kilichomo kikishayeyuka hewani. Uso ukifubaa na usipoacha unyevu ukiugusa pembeni, bandika, kandamiza kuanzia katikati kwenda nje kwa mgongo wa kijiko kwa nguvu zako zote, dakika moja. Ile karatasi ya plastiki ya juu unaweza kuiacha. Paka poda.

Solusheni iliyokwisha kufunguliwa hukauka ndani ya kichupa chake baada ya miezi michache, hata ikiwa na kifuniko. Nunua vichupa vidogo, na mwanzoni mwa msimu ubonyeze kila kimoja uone kama bado kina kitu.

Tairi lenyewe

Yote hayo ni tiba. Kinga ni tairi lenye tabaka nene chini ya kashata zake. Schwalbe Marathon Plus ina tabaka la mpira laini lenye milimita 5, na mwiba mfupi unaishia humo bila kufika kwenye tyubu. Ni zito, na kulivalisha kunahitaji ule ujanja wa mfereji kwa subira. Kwa safari za kazini za baridi naona uzito huo unalipa. Tairi la kawaida la mashindano lenye upana wa milimita 25 halifai kabisa msimu huu. Chukua 32 hadi 37 kama fremu na madigadi vinaruhusu. Mtu wa kilo 75 mwenye begi mgongoni, kwenye tairi la 35, aanzie psi 60 nyuma na 50 mbele, asivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni. Tairi la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi na huisha kwanza. Likishakuwa bapa katikati, libadilishe mwezi wa tisa, usisubiri Januari.

Dawa ya maji inayomiminwa ndani ya tyubu huziba matundu ya miiba vizuri, lakini haizibi mpasuko wa gumegume, na tyubu iliyolowa dawa hiyo ni vigumu kubandika kiraka. Itumie kama njia yako ni ya miiba.

Na barabarani usijibanze. Kanuni za barabara za Uingereza, tangu mabadiliko ya Januari 2022, zinashauri mwendesha baiskeli akae angalau nusu mita kutoka ukingo wa barabara, zaidi pale panapohitajika. Pale magurudumu ya magari yanapopita ndipo pamefagiwa.

Ukaguzi wa wiki ufanye Ijumaa jioni, tairi likiwa limekauka. Punguza upepo kwanza ili mipasuko ifunguke. Zungusha gurudumu taratibu chini ya taa, na kila penye chale ndogo chokoa kwa ncha ya bisibisi nyembamba ya kufungulia miwani. Utashangaa ni vigae vingapi vimejificha humo bila kufika ndani. Kila kimoja ni pancha ya wiki ijayo. Chale inayozidi milimita 3 itie tone la supa gluu, ibane hadi ikamate, isije ikaokota kingine. Kagua pia kama mpira wa breki haugusi ubavu wa tairi, maana huo hukata polepole bila kelele. Jaza upepo kwa pampu ya miguu yenye geji, ukiwa nje au kwenye kibanda kisicho na joto, ili namba unayoisoma iwe ndiyo utakayoendeshea Jumatatu.